Darasa: Huzuni, Deni na Vitabu Vitatu vya Wanazuoni Wetu



 

Katika darasa la toleo hili tutapitia vitabu vitatu vya wanazuoni wa zamani vinavyohusu mambo mawili ambayo mara nyingi huingia nyumba moja kwa wakati mmoja: huzuni isiyoondoka na ugumu wa maisha. Kabla sijavitaja, niseme kwa nini nilivitafuta. Sikuvitafuta kwa ajili ya mtihani.

Kosa langu

Mimi ni mtoto wa Kabezi, kwenye barabara ya RN3 inayotoka Bujumbura na kufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Aliyenisomesha ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa akinunua ndagala na mukeke huko Rumonge, na mawese msimu ukiwa mzuri, anapakia kwenye magari ya watu na kwenda kuuza Bujumbura. Ada yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili ilitoka kwenye magunia ya ndagala.

Kisha mambo yakafuatana. Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani. Dola iliyokuwa faranga 2,000 na kidogo kwa bei rasmi ikapanda hadi 2,800 na zaidi, na kwenye soko la magendo ilikuwa juu ya hapo. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za zamani za 5,000 na 10,000 zirudishwe benki ndani ya siku 10, na wafanyabiashara wadogo wanaoweka mtaji wao ndani ya sanduku wakapanga foleni. Mafuta ya gari yakawa ya kusubiri siku nzima, na siku nyingine hayapatikani kabisa. Ndagala hawasubiri foleni. Aprili 2024 maji ya ziwa yakapanda yakaingia kwenye nyumba za watu Gatumba, Kibenga na Rumonge. Banda alilokodi kaka yangu kuhifadhia mzigo nalo likaingia maji. Mzigo uliokuwa humo alikuwa ameukopa.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwaka huo nikamkuta si yule ninayemjua. Kaka aliyekuwa akitangulia msikitini Alfajiri alikuwa amelala kwenye mkeka mpaka jua linapanda, macho wazi. Chakula alikigusa kidogo tu akasukuma sahani. Watoto wakicheza alisema wanampigia kelele. Watu wa pale walikuwa na majibu yao: mmoja alisema jini, mwingine alisema jicho la mtu, na wa tatu alisema ni uvivu.

Mimi, mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu, nilikaa kitako mbele yake nikamtolea muhadhara kamili kuhusu subira, kwa aya, hadithi na maneno ya wema waliotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniambia:

“Mdogo wangu, hayo yote nayajua. Mengine nilikufundisha mimi. Ninachoshindwa ni kuinuka kwenye huu mkeka.”

Akageukia ukuta. Usiku ule shemeji akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka amekuwa akisema watoto wake wangepata nafuu kama yeye hayupo. Sikulala. Nilikuwa nimefaulu Aqida, Fiqhi na Tafsiri kwa alama nzuri, lakini mbele ya mtu aliyenisomesha sikuwa na neno la pili.

Qur'ani inavyowatendea wenye huzuni

Nilipokuwa nimelala macho wazi nilianza kupitia upya kichwani visa tunavyovisoma kila siku, nikaona nilivyokuwa nimevipita haraka.

Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Surat Yusuf, aya ya 84). Ni Nabii, na subira yake imesifiwa katika sura hiyo hiyo, na bado alihuzunika hadi mwili wake ukaathirika. Kwa hiyo huzuni kali si ushahidi wa imani dhaifu. Watoto wake walipomlaumu kwa kumkumbuka Yusuf, lawama yao haikumsaidia kitu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa watoto wake.

Maryam (a.s.) alipofikwa na uchungu wa uzazi chini ya mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa (Surat Maryam, aya ya 23). Tazama jibu alilopewa katika aya tatu zinazofuata. Hakukemewa kwa kutamani mauti. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji karibu yake, akaelekezwa atikise shina la mtende apate tende mbivu, ale, anywe, atulie, na akaondolewa mzigo wa kujieleza kwa watu siku ile. Maji, chakula, utulivu, na ruhusa ya kunyamaza. Mimi kwa kaka yangu nilikuwa nimeanza na muhadhara.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliishi mwaka ambao wanahistoria wa Sira wameuita mwaka wa huzuni, mwaka wa kumi wa utume, alipofiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib.

Kuna pia ile dua aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.) katika Sahihi Bukhari, ambayo wengi wetu tunaisoma asubuhi na jioni. Ndani yake Mtume (s.a.w.) anajikinga kwa Allah na mambo manane, yamepangwa mawili mawili: wahaka na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuelemewa na watu. Nilikuwa nimeisoma dua hiyo kwa miaka bila kuuona mpangilio wake. Inaanza na moyo na kuishia na deni. Mtume (s.a.w.) aliviweka katika dua moja kwa sababu katika maisha ya watu vinakuja pamoja. Kaka yangu alikuwa na yote mawili, na mimi nilijaribu kutibu la kwanza nikijifanya la pili halipo.

Kitabu cha kwanza: Masalih al-Abdan wal-Anfus

Mhadhiri wetu mmoja aliwahi kumtaja darasani, kwa kupita tu, Abu Zayd al-Balkhi. Nilikuwa nimehifadhi kwenye simu tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya kitabu chake, iliyofanywa na Malik Badri, mwanasaikolojia Mwislamu wa Sudan aliyefariki 2021. Tafsiri hiyo ilitoka 2013. Usiku ule ule niliifungua kwa mara ya kwanza.

Al-Balkhi alizaliwa karibu mwaka 850 katika kijiji cha nchi ya Balkh, ambayo leo iko Afghanistan, akafariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934. Kitabu chake kina sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi. Ya nafsi ina milango minane. Anaanza kwa kulalamika kwamba matabibu wa zama zake wanauandikia mwili na kuiacha nafsi, ilhali mtu anaweza kupita miaka bila homa lakini hapiti siku nyingi bila hasira, hofu au huzuni. Baada ya kueleza namna ya kulinda afya ya nafsi na kuirudisha ikipotea, anatoa mlango wa hasira, mlango wa hofu, mlango wa huzuni na mlango wa wasiwasi.

Mlango wa saba, wa huzuni, ndio ulionikalisha kitako. Al-Balkhi anazigawa huzuni aina mbili. Ya kwanza ina sababu inayojulikana: kufiwa, kupoteza mali, kukosa unachokipenda. Ya pili haina sababu ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kukuonyesha. Inamfunika mchana na usiku, inamzuia kufanya kazi na kufurahia vitu alivyokuwa akivifurahia. Kwa elimu ya wakati wake aliihusisha aina hii ya pili na hali ya damu, akasema mwili lazima utibiwe kwa njia za kitabibu, pamoja na maneno mazuri na watu wa kumliwaza. Aina ya kwanza dawa yake kubwa ni fikra: ya ndani, anayojisemesha mtu mwenyewe, na ya nje, anayosemeshwa na mwenye hekima anayemwamini.

Sina haja ya kushikilia maelezo yake ya damu. Tiba imesonga mbele kwa zaidi ya miaka 1,000. Kinachobaki ni kule kutofautisha. Huzuni nyingine ni jeraha la kawaida linalopona kwa muda, mazungumzo na msaada. Nyingine ni maradhi, na maradhi yana tabibu. Kiswahili cha leo kina jina lake, sonona. Kwetu Warundi tuna neno intuntu kwa huzuni yoyote, na kwa sababu neno ni moja tunadhani na dawa ni moja. Huzuni ya kaka yangu ilianza kama aina ya kwanza, kila mtu aliijua sababu yake. Ila ilikuwa imeshapita mpaka, kwa sababu hata siku alipoletewa habari njema ya mtu aliyemsamehe sehemu ya deni, uso wake haukubadilika.

Al-Balkhi ana shauri jingine ambalo ningependa tulichukue sote tulio wazima. Anasema kama mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaumwa, vivyo hivyo aweke akiba ya fikra njema akiwa katika afya, ili dhiki ikija azikute karibu. Anayeanza kutafuta fikra siku ya dhiki ni kama anayetafuta duka la dawa usiku wa manane.

Asubuhi sikumsomea kaka kitabu. Nilimpikia uji, nikakaa naye kwenye mkeka bila kusema kitu. Baada ya muda mrefu nikamuuliza kama ni kweli aliyosema shemeji. Akalia. Nikamwambia, “Kaka, haya ni maradhi. Twende hospitali kama tungekwenda kwa malaria.” Akakubali, nadhani kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hana kosa.

Siku ile hakukuwa na gari barabarani. Jirani yetu mmoja, Mkristo, alikuwa na lita mbili za petroli alizozihifadhi kwa ajili ya pikipiki yake, akatupeleka kwa zamu na hakutaka malipo. Bujumbura kuna kituo cha magonjwa ya akili na mishipa cha Kamenge, kinachojulikana kwa jina la CNPK, nasi ndiko tulikofikia. Kaka alipewa dawa, akaambiwa asitarajie nafuu siku ya pili wala ya tatu, kwani dawa za aina hiyo huchukua wiki kadhaa, na asiziache bila kuambiwa. Kisomo cha ruqya tuliendelea nacho nyumbani. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba, na kisomo na dawa havigombani.

Kitabu cha pili: al-Faraj ba'da sh-Shidda

Niliporudi chuoni niliingia maktaba kutafuta kitu cha kumsomea kaka kwenye simu jioni. Nikakipata cha Kadhi Abu Ali al-Muhassin at-Tanukhi, aliyefariki Baghdad mwaka 384 Hijria (994). Jina lake maana yake ni faraja baada ya shida. Si yeye wa kwanza kuandika chini ya jina hilo; Ibn Abi ad-Dunya alimtangulia kwa karne moja, naye anamtaja. Lakini cha at-Tanukhi ndicho kikubwa, milango 14. Kinaanza na visa vya Qur'ani vya waliookolewa, kisha kinaingia kwa watu wa kawaida na wakubwa: waliotoka gerezani, waliopona maradhi, waliookoka na wanyama wakali na majambazi, waliofilisika wakainuka. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuondolewa katika kazi yake ya ukadhi, kwa hiyo haandiki kuhusu shida ya kusimuliwa.

Nilikuwa nikichagua kisa kimoja, nakieleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi. Wiki za mwanzo kaka alikuwa akisikiliza tu. Siku moja, nilipomaliza kisa cha mtu aliyepata utajiri wake tena kwa zawadi ya waziri, akauliza, “Mbona katika kitabu chote hicho hakuna aliyeinuka kwa kuuza ndagala?” Akacheka. Shemeji alichukua simu akaniambia hajamsikia kucheka tangu maji yaingie bandani.

Swali lake lina elimu ndani yake. Kitabu kama hiki kinatibu jambo moja, nalo ni ile fikra kwamba hakuna aliyewahi kupita hapa akatoka. Kwa hilo hakina mfano. Lakini ukikisoma vibaya utakaa unasubiri waziri. Faraja katika visa vingi inakuja ghafla, kwa mkono wa mkubwa, na msomaji aliyefilisika anaweza kujiona amesahauliwa kwa kuwa wa kwake hajaja. Kwa hiyo kisomwe pamoja na kitabu cha tatu.

Kitabu cha tatu: Ighathat al-Umma bi-Kashf al-Ghumma

Kaka alikuwa na neno moja lililokuwa likimtafuna kuliko yote: kwamba umaskini wake ni adhabu, na kwamba yeye ni mjinga wa biashara aliyeiangusha familia. Kitabu kilichonisaidia kumjibu hakimo katika rafu ya nasaha. Kimo katika rafu ya historia.

Taqi ad-Din al-Maqrizi alizaliwa Cairo mwaka 1364 na kufariki 1442. Aliwahi kuwa muhtasib wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko, anayeangalia bei na mizani. Mwaka 806 Hijria mto Nile haukupanda inavyotakiwa, njaa ikaingia Misri, bei zikapaa. Mwaka 808, sawa na 1405, akaandika kijitabu hiki. Watu walikuwa wakisema shida kama hii haijapata kutokea. Yeye akaanza kwa kuorodhesha njaa zilizopita za Misri, moja baada ya nyingine, akionyesha kwamba zilikuja na zikaondoka. Kisha akauliza kwa nini hii haiondoki. Jibu lake lina sababu tatu: vyeo vilikuwa vikinunuliwa kwa rushwa, kuanzia vikubwa mpaka vidogo, na aliyenunua cheo hurudisha gharama yake kwa kuwakamua raia, kodi za mashamba zilipandishwa mpaka wakulima wakashindwa, na sarafu za shaba zilijazwa sokoni, fedha na dhahabu zikatoweka, kila kitu kikahesabiwa kwa fedha isiyo na thamani.

Wanauchumi wanaweza kubishana naye kuhusu sarafu, na dawa aliyoipendekeza, ya kurudi kwenye dhahabu na fedha, si lazima tuibebe ilivyo. Somo lake kwetu ni jingine. Mwanachuoni huyu aliamini qadar kama sisi, na bado hakuwaambia wenye njaa kwamba kila mmoja akaitafute dhambi yake. Alitazama soko, akahesabu, akataja sababu na matendo ya watu yaliyozizalisha.

Wanaosoma Kiarabu watazame jina lenyewe. Neno ghumma, dhiki iliyoufunika umma, na neno ghamm, huzuni inayoufunika moyo wa mtu, yanatoka mzizi mmoja. Na kashf ni kuondoa na pia ni kufunua. Kuifunua sababu ni sehemu ya kuiondoa dhiki.

Nilimweleza kaka haya kwa lugha nyepesi. Nikamuuliza: wewe ndiye uliyeshusha faranga? Wewe ndiye uliyemaliza mafuta vituoni? Wewe ndiye uliyelipandisha ziwa? Akanyamaza, kisha akasema, “Lakini kukopa mzigo wote kwa mtu mmoja, hilo nilifanya mimi.” Nikamwambia hilo ni lako, na ni dogo kuliko ulivyolibeba. Tangu siku hiyo tukaanza kuhesabu deni kwenye daftari badala ya kulihesabu usiku kichwani.

Jambo ambalo vitabu haviwezi kulifanya peke yake

Nisije nikaeleweka kwamba kaka alipona kwa vitabu. Uganda, jirani zetu, walijaribu jambo ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe wanaiitaje sonona kwa Kiganda. Walipewa maneno mawili, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Kisha wakaunda vikundi, vya wanaume peke yao na vya wanawake peke yao, vikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasio madaktari. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliowekwa kwenye vikundi walikuwa na dalili kamili za sonona. Baadaye ikabaki asilimia 6.5. Kwa waliokuwa hawajapata vikundi ilitoka 94 ikafika 54.7.

Sisi tunazo tayari halaqa za ndugu wanaume na halaqa za dada zetu. Muundo tunao, saa tunayo, mahali tunapo. Tunachokosa ni mtu kuruhusiwa kusema ndani ya halaqa kwamba hali yake si nzuri bila kupimwa imani.

Tufanye nini hapa chuoni

1. Mwenzio akikueleza huzuni yake, sikiliza kwanza. Aya na hadithi zina wakati wake, na aghlabu wakati huo ni baada ya kuuliza kama amekula.

2. Tofautisha kama al-Balkhi. Huzuni ikizidi wiki mbili, ikaondoa usingizi, hamu ya chakula, nguvu ya kusoma na ladha ya ibada, mpeleke kwa tabibu. Akitaja kufa, hata kwa mzaha, usimwache peke yake na usisubiri kesho.

3. Usimuulize mtu mwenye deni kuhusu dhambi zake. Muulize anadaiwa kiasi gani. Surat al-Baqara, aya ya 280, imetuagiza kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Surat at-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane ya zaka. Mfuko wa jumuiya yetu unatoa kwa misiba na harusi. Napendekeza uwe na fungu la ada na chakula kwa wanafunzi ambao nyumbani biashara imekufa, na litolewe kwa siri.

4. Tuvilete vitabu hivi kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyafikisha mafundisho kwa watu wa Mombasa kwa lugha yao, katika gazeti lake la al-Islah mwaka 1932. Sisi tunaosoma Kiarabu bure kwa jasho la ndugu zetu tunaweza angalau kufasiri mlango mmoja kila muhula na kuusoma pamoja.

Hali ya kaka yangu leo

Wapo watakaouliza. Mtaji haujarudi. Deni limepungua chini ya nusu, kwa sababu mdai mmoja alikubali kulipwa kidogo kidogo. Banda hana, anashona nyavu za wavuvi wa Kabezi kwa malipo madogo, na wavuvi wanaporudi alfajiri siku za giza la mwezi, ndagala wakiwa wengi, shemeji anaanika na kuuza palepale bila gari. Bado anakwenda Kamenge kwa tarehe anazopangiwa. Zipo siku anaamka mzito. Siku hizo anasema, “Leo ni ile ya pili ya al-Balkhi,” na watu wa nyumbani wanaelewa, wanamwachia nafasi bila kumwacha peke yake. Alfajiri nyingi anakwenda msikitini.

Mimi nimejifunza kwamba elimu niliyokuwa nayo siku ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, la kuitoa kabla ya kumtazama mtu niliyekuwa nampa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Jibu alilopewa Maryam (a.s.) katika Surat Maryam, aya ya 24 hadi 26, lina mambo gani, na ni yapi kati yake tunaweza kumfanyia mwanafunzi mwenzetu?

2. Kwa nini dua ya mambo manane imeweka huzuni na deni mahali pamoja?

3. Taja shida moja ya kiuchumi inayowagusa wanafunzi wa chuo chetu. Ipi ni sehemu yetu, na ipi si yetu?

4. Ni fikra gani moja njema utakayoiweka akiba leo kwa ajili ya siku ngumu?

Tunamwomba Allah (s.w.) awaondolee wahaka wenye wahaka, awalipie madeni wenye madeni, awape shifaa wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaobeba na kubebwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya Masomo ya Kiislamu, mzaliwa wa Kabezi, Burundi.*